Tundu Lililorukwa

Solofo alipitisha sindano kwenye tundu la mwisho la usukani Jumapili moja ya Julai, muda mfupi kabla ya kengele ya kanisa kulia. Nilikuwa nimekaa juu ya ukuta wa matofali unaotenganisha ua wake na wangu, kikombe cha maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali mkononi, na nilimwona akiuinua usukani juu kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua mwenyewe.

"Jirani, tazama," akasema. "Hili sasa ni gari au si gari?"

Lilikuwa Renault 4 ya rangi ya maziwa, teksi, yenye umri mkubwa kuliko mke wake. Injini haikuwa na neno. Aibu ilikuwa ndani. Usukani ulikuwa umepasuka kila mahali, na kwa miaka mingi aliufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Milango ilikuwa imebaki chuma kitupu. Dashibodi ilikuwa na nyufa ambazo abiria waliingiza vidole bila kujua wanafanya nini.

Kwa hiyo aliugeuza ua wake karakana. Kila akirudi kazini, kabla jua halijashuka juu ya mji wetu wa Sabotsy Namehana, alikuwa humo. Alikata vifuniko vipya vya milango kwa mbao nyembamba na kuvivika kitambaa cha kahawia. Nyufa za dashibodi aliziziba kwa gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, akapiga msasa, akaziba tena, akapiga msasa tena, mpaka ukipitisha kiganja husikii kitu. Kichwa cha gia alikichonga upya kwa mti wa jakaranda. Usukani aliuacha wa mwisho.

Haraka yote hiyo ilitokana na mkwewe. Mama Razanamasy, mama wa mke wake Voahirana, aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe. Alikuwa mfumaji wa hariri ya mwituni, ile ya kahawia tunayowavika wafu wetu. Majira ya baridi yaliyotangulia alimwota marehemu mumewe, Randrianjafy, amesimama mlangoni peku. Alimwambia miguu yake ina baridi.

Kwetu, mfu akisema anasikia baridi, ukoo haukai kubishana. Walikubaliana kwamba Agosti kaburi litafunguliwa, na wote waliomo watavikwa sanda mpya. Solofo ndiye angempeleka mama na nguo yake hadi kilimani, mbele ya ukoo mzima wa mke wake. Hakuwa tayari kufika huko akiwa ameshika mpira wa baiskeli.

"Gari linavikwa kuliko binti yangu," Mama Razanamasy alikuwa akimwambia kutoka barazani, alikoweka kitanda chake cha mfumi, ile fremu ya kufumia nguo.

"Mimi nimeshazoea, mama," Voahirana alijibu. "Siku nikitaka gauni jipya nitajifunga magurudumu."

"Nyie wawili," alisema Solofo, "mkifika huko kama mabibi msinisahau."

Ngozi ya usukani hushonwa ikiwa bado na maji. Ikikauka hujikaza yenyewe na kuukumbatia usukani. Ikikauka kabla ya kushonwa, kingo zake hazikutani tena, na kazi imeharibika. Solofo alikuwa ameloweka ngozi ya mbuzi tangu jana yake. Hakuwa na kifaa cha kutobolea, akatumia uma wa mezani: aliubonyeza ukingoni, meno yakaacha alama nne, akazitoboa kwa msumari, kisha akausogeza mbele. Mshono wake ulikuwa wa kupishana, kama kamba za viatu.

"Spoki ya chini umeruka tundu moja," nilimwambia.

Akatazama. Akacheka. "Basi hiyo ndiyo sahihi yangu. Akiniibia mtu nitaujua usukani wangu."

Ndipo nilipoona rangi. Nusu ya juu ilishonwa kwa nailoni nyeusi. Nusu ya chini uzi ulikuwa wa kahawia, mzito kidogo, wenye vifundo vidogo vya mkono.

"Nailoni iliniishia," alisema. "Jumapili nani atafungua duka? Na ngozi ilikuwa inakauka."

"Na huu umetoka wapi?"

Alitazama barazani. Mama alikuwa ameingia ndani kuvaa shuka lake la kanisani. Akashusha sauti.

"Kikapuni kwake. Kibonge kimoja tu cha uzi."

"Solofo. Huo si wa sanda?"

"Sanda ni nguo. Huu haujafumwa. Uzi ni uzi."

Mwiko tunaoujua ni wa nguo: sanda haiwekwi juu ya mwili ulio hai. Kuhusu uzi, si mimi wala yeye aliyewahi kuambiwa lolote. Lakini wote wawili tulijua desturi ya nyumba ya Mama Razanamasy, maana aliifanya hapo barazani mbele yetu. Siku ya kwanza ya kusokota, humtaja kwa jina yule atakayeivaa nguo, ili ajue kwamba imeanza. Alisema hivi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mumewe kula: "Randrianjafy, nguo yako hiyo."

Kengele ikalia. Solofo aliufunga usukani kamba na kuutundika umelala bapa kwenye boriti ili ukauke, akaenda kunawa. Hakukuwa na upepo. Mashuka kwenye kamba ya nguo yalikuwa yametulia. Usukani ulizunguka polepole mpaka spoki ya chini ikaelekea kaskazini, ukasimama.

Kaburi la akina Randrianjafy liko kaskazini.

Wa kwanza kulalamika alikuwa muuza vitumbua aliyezoea kupanda naye asubuhi, sufuria ya moto magotini.

"Dereva, gari lako limependeza," alimwambia, "lakini lina baridi kama kisima."

"Agosti inakuja, mama. Unataka baridi iende wapi?"

"Vitumbua vyangu vimepoa kabla hatujafika darajani. Havijawahi."

Solofo alinisimulia hayo akicheka. Siku chache baadaye hakucheka. Alisema jua linapiga kwenye kioo, dashibodi inaunguza, lakini usukani una baridi. Mwanzoni ni nusu ya chini tu, penye hariri. Akawa anashika juu. Kisha na juu pia. Voahirana alimfumia glavu za sufu, na madereva wenzake wakamwita bibi harusi.

Jambo la pili nililishuhudia mwenyewe. Kila jioni aliliacha gari uani, magurudumu ya mbele yamenyooka. Kila asubuhi aliyakuta yamekatwa kulia, na udongo chini yake umekwanguliwa. Nilidhani ni watoto wa mtaani. Jioni moja tulinyoosha magurudumu pamoja, tukachora mstari wa chokaa kando ya kila tairi, tukafunga milango yote. Ufunguo nilikwenda nao kwangu.

Asubuhi ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwangu. Milango ilikuwa imefungwa. Matairi yalikuwa yamekata kulia, yameuvuka mstari.

Ukitoka uani kwao, kulia ni barabara ya kaskazini.

Mama Razanamasy alikata nguo kutoka kwenye kitanda cha mfumi mwanzoni mwa Agosti. Aliitandaza barazani na kuipima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole, kama alivyofanya maisha yake yote. Akaipima tena. Voahirana akaacha kupepeta mchele.

"Imepungua," alisema mama.

"Imepungua kiasi gani?"

"Kiganja na zaidi. Sijawahi kukosea kipimo."

"Labda panya, mama," alisema Solofo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, glavu mkononi.

"Panya hali kibonge kizima asiache hata unyuzi."

Hapakuwa na hariri nyingine. Viwavi wa mwituni wana majira yao, na mwaka ule yalikuwa yamepita. Mama alikunja nguo mara mbili, akaiweka magotini.

"Itamfika kwenye vifundo vya miguu," alisema. "Na miguu ndiyo iliyomleta kwangu."

Siku hiyo hiyo, kabla ya jua kuzama, Solofo alikuja ukutani. Alivua glavu. Katika viganja vyote viwili, chini ya vidole, palikuwa na safu ya matundu madogo. Hayakuwa na damu. Hayakuwa na uvimbe. Alitoa uma mfukoni, akauweka juu ya kiganja cha kushoto. Meno manne yakaingia kwenye matundu manne.

"Unajichoma?" nilimwuliza.

"Nalala na glavu. Voahirana ananifunga mwenyewe."

"Mwambie mama."

"Nimwambie nini? Nimemwibia mumewe kaburini? Na ukoo wao wote unakuja."

"Basi ufumue."

"Nimejaribu." Alinong'ona, ingawa hapakuwa na mtu. "Wembe unateleza. Na kila nikigusa ule uzi, kidole kinakufa. Jirani, mikono siihisi. Nikimshika mke wangu naona kwa macho kwamba nimemshika. Lakini sijui."

Mtu huyo alikuwa dereva. Kila punje ya wali katika nyumba ile ilipita kwenye mikono ile. Nilimwambia tena amwambie mama. Akavaa glavu kwa meno.

Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa nikiamka na kutazama uani kwao.

Wiki ya kaburi kufunguliwa, Voahirana aliniita baada ya chakula cha mchana. Alisimama mlangoni, kidole mdomoni.

"Kaka, njoo. Usiongee."

Solofo alikuwa amelala chali kwenye mkeka, kwenye mwanga wa dirisha. Usingizi mzito, mdomo wazi. Mikono yake ilikuwa hewani, juu ya kifua. Ilikuwa ikishona.

Mkono wa kulia ulivuta sindano isiyokuwapo. Mkono wa kushoto ulishika ukingo usiokuwapo. Kupanda huku, kushuka kule. Mshono wa kupishana. Haukuwa wa duara kama wa usukani. Ulikwenda moja kwa moja, kutoka kushoto kwenda kulia, sehemu fupi. Ukifika mwisho, ulianza upya.

"Tangu lini?" nilinong'ona.

"Tangu mama akate nguo. Nikimshika haachi. Shika uone."

Nilishika kifundo cha mkono wake. Kilikuwa kama jiwe lililotolewa mtoni. Mkono uliendelea, ukanivuta nao.

"Tazama katikati," alisema Voahirana. "Kila mara. Anafika hapo anaruka."

Nilitazama. Katikati ya mstari ule, mkono uliruka tundu moja.

"Anashona nini, kaka?"

Nilikuwa nikitazama urefu wa sehemu ile. Ilikuwa sawa na upana wa miguu miwili iliyolazwa pamoja.

Siku ya kaburi tuliondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni. Mama Razanamasy alikaa mbele, nguo ya hariri imekunjwa magotini, mkoba wake wa zana za kufumia miguuni. Voahirana na mimi tulikaa nyuma. Solofo alikuwa amevaa glavu.

Mpango ulikuwa kupitia kwa mjomba wa Voahirana, chini ya kilima. Ukoo ungekusanyika pale kula wali na nyama ya nguruwe yenye mafuta yake, halafu wote wapande pamoja na wapiga tarumbeta.

"Kuna baridi humu," alisema mama. "Kioo kipi kiko wazi?"

"Hakuna, mama," alisema Voahirana.

"Umetengeneza milango, mkwe, ukasahau kuziba upepo."

Glavu za Solofo zilibana usukani. Nilimwona kwenye kioo kidogo cha juu. Macho yake hayakupepesa.

Tukafika njia panda.

"Kushoto," alisema mama.

Gari likapita moja kwa moja, likashika njia ya udongo ya kilimani.

"Nimesema kushoto."

"Mama," alisema Solofo. "Si mimi."

Nilichungulia kati ya viti. Mguu wake ulikuwa kwenye breki. Ulikuwa umekanyaga mpaka mwisho. Nilisikia kokoto chini ya matairi. Nilisikia nyasi zikikwaruza vifuniko vipya vya milango. Injini sikuisikia.

Ilikuwa imezima. Tulikuwa tunapanda.

Voahirana alishika bega la mumewe. Mama alishika nguo. Ukungu ulifunguka mbele yetu, kidogo kidogo. Kisha tukaona mawe, na mlango mdogo uliokandikwa udongo.

Gari likasimama mbele ya kaburi. Pua yake ilikuwa karibu kuugusa mlango.

"Tushuke," alisema Voahirana. "Solofo, achia usukani. Tushuke."

"Siwezi."

"Achia."

"Siwezi, Voahirana."

Voahirana alichukua mkasi mdogo kwenye mkoba wa mama, akapasua glavu kwa juu. Sufu ikafunguka. Uzi wa kahawia ulikuwa umetoka kwenye ngozi ya usukani. Ulikuwa umeingia kwenye ngozi ya mkono. Ulikuwa umetoka tena. Huku na kule, kupishana, tundu kwa tundu, mikono yote miwili.

Hapakuwa na damu.

Mama Razanamasy alivaa miwani yake. Aliinama, akaugusa uzi kwa ukucha. Alipapasa kifundo kimoja, kisha kingine.

"Huu nimeusokota mimi," alisema.

Akamgeukia mkwewe.

"Solofo."

"Haukuwa umefumwa, mama. Nilidhani bado ni uzi tu."

"Nilishamtajia jina." Sauti yake haikupanda. "Tangu siku ile ni wake."

Voahirana aliweka mkasi kwenye uzi. Mama akamdaka mkono.

"Ukiukata, kilicho ndani ya mikono yake kitabaki humo."

"Mama, mtazame alivyo."

Midomo ya Solofo ilikuwa na rangi ya jivu. "Baridi imefika viwikoni," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Mabegani." Pumzi yake haikutoa mvuke. Yetu ilikuwa ikitoa.

Mama alitoa kwenye mkoba sindano ya mfupa, ile anayotumia kurudisha nyuzi zilizokatika. Hakuanza na usukani. Aliuelekea mlango wa kaburi na kuzungumza nao kupitia kioo cha mbele.

"Randrianjafy. Ni mimi. Legeza mkono wako." Alisubiri. "Huyu ni mkwe wako, ndiye anayenilisha. Ukiichukua mikono yake nitalishwa na nani? Nguo yako ninayo hapa. Uzi wako narudisha wote, sibakizi. Legeza."

Kisha akaingiza mfupa chini ya mshono wa kwanza.

Uzi ulikuja. Ulikuja taratibu, na kila ulipotoka kwenye kiganja Solofo alifumba macho. Mama aliuzungushia kwenye vidole vyake. Hakuvuta. Alifumua kama mtu anayemvua mtoto aliyelala nguo.

"Hapa umeruka tundu," alisema alipofika spoki ya chini.

"Ndiyo, mama."

"Kazi ya haraka." Akaendelea.

Kidole gumba cha kulia kilikuwa cha mwisho. Mama aliinua mshono, uzi ukatoka, na mikono ya Solofo ikadondoka mapajani kama vitu visivyo vyake. Akashusha pumzi. Mvuke ukatoka mdomoni mwake.

Wakati huo huo, nyuma ya mlango uliokandikwa, kitu chepesi kilianguka sakafuni. Tulisikia wote wanne. Mama alikunja uzi, akaufunga, akautia ndani ya nguo.

"Msimwambie mtu," alinong'ona. "Ni mambo ya nyumbani."

Ukungu ulikuwa umeinuka ukoo ulipopanda na tarumbeta na ngoma. Mjomba alituuliza kwa nini tumekosa wali. Voahirana alimwambia gari lilikuwa na shida ya breki.

Kaburi likafunguliwa. Waliomo wakatolewa nje juani, mmoja mmoja, wakavikwa, watu wakiimba na kuwasimulia habari za mwaka. Randrianjafy alipolazwa kwenye mkeka, mama alimvika mwenyewe juu ya sanda ya zamani. Nguo ilifika kwenye vifundo vya miguu, kama alivyosema. Alikiweka kile kibonge cha uzi kwenye nyayo, akazifunika kwa sanda ya zamani tu, akainama sikioni kwake. Nilikuwa karibu. Alimwambia, "Kipande kilichobaki nitakufumia."

Mkwe hubeba upande wa miguu. Solofo aliubeba, wakacheza na marehemu kulizunguka kaburi kama ilivyo kawaida, akarudi kwangu amelowa jasho.

"Ana joto," aliniambia. "Miguuni. Kama mkate uliotoka sasa hivi."

Kaburi lilifungwa jua likiwa bado juu. Mjomba na wanawe waliukandika mlango udongo mbichi, na mimi niliwasaidia. Nilikiweka kiganja changu kwenye udongo ule ili kuulainisha, na alama yake ikabaki.

Gari liliwaka mara tu Solofo alipogeuza ufunguo.

Mikono yake ilipona. Joto lilirudi, hisia zikarudi, na alama nyeupe zikabaki chini ya vidole. Aliendesha teksi kama zamani. Muuza vitumbua alimsifu kwa kuziba upepo. Lakini kushona hakuweza tena. Voahirana alimpa kifungo cha shati akishone, akakaa nacho nusu ya alasiri. Hakujua sindano inashikwa wapi. Hata uzi hakuweza kuupitisha kwenye tundu la sindano.

Ngozi ya usukani ilikuwa imebaki nusu: juu imeshikwa na nailoni nyeusi, chini inaning'inia, matundu matupu. Alisema ataitoa akipata nafasi. Kabla mwezi ule haujaisha tuliikuta imeanguka sakafuni mwa gari. Matundu yote yalikuwa matupu. Nailoni haikuwamo, wala kipande kilichokatika. Milango ilikuwa imefungwa. Solofo alifunga usukani kwa mpira wa baiskeli, na haujatoka mpaka leo.

Majira ya viwavi yaliporudi, Mama Razanamasy alifuma kile kipande kilichopungua. Alikikunja na kukiweka juu ya kabati, akisubiri kaburi lifunguliwe tena.

Alifariki mwaka wa pili baada ya hapo, wakati wa mvua, kwa homa ya mapafu. Tulimpeleka kwa gari la Solofo. Mlango wa kaburi ulikuwa kama tulivyouacha. Udongo ulikuwa umekauka na kuwa mgumu, haukuwa na ufa. Alama ya kiganja changu ilikuwapo. Niliweka mkono juu yake ikanienea, kisha mjomba akauvunja udongo kwa jembe.

Solofo aliingia kwanza na taa, kuandaa nafasi kando ya mkwewe wa kiume. Alikaa ndani muda mrefu. Kisha akaniita kwa jina. Hakuwahi kuniita kwa jina, mimi kwake ni jirani.

Randrianjafy alikuwa mahali pake. Sanda ya zamani ilikuwa imevutwa ikafunika nyayo, na ukingo wake umeunganishwa na ukingo wa nguo mpya. Ulikuwa mshono wa kupishana, wa nailoni nyeusi. Ulikwenda kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Solofo aliutoa uma mfukoni. Sikujua kwamba bado anautembeza. Aliuweka kwenye mshono. Meno manne yakaingia kwenye matundu manne. Akausogeza mbele. Yakaingia.

Katikati, tundu moja lilikuwa limerukwa.

"Mimi sijui kushona," aliniambia kwa sauti ndogo.

"Najua."

Alirudisha uma mfukoni. Tulitoka, tukasaidiana kumwingiza mama, tukamlaza kando ya mumewe. Kile kipande alichokifuma hakikuhitajika tena, na Voahirana akasema afunikwe nacho mama yake miguuni. Mlango ulikandikwa udongo mbichi kabla mvua ya alasiri haijaanza. Tulirudi Sabotsy Namehana, Solofo akiendesha, mikono yake yote miwili juu ya usukani.